Kuwaunganisha Wahadhiri wa Kada Mbalimbali za Afya katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki: Kutoka Mkutano hadi Kazi ya Pamoja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wahadhiri wa udaktari, uuguzi, ukunga, famasia na maabara wanavyoweza kushirikiana katika ufundishaji. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza ushirikiano kwa walimu wasioshirikiana, na kwamba walimu huunganishwa na kazi mahususi wanayowajibika kwayo kwa pamoja kuliko mikutano ya kufahamiana. Mifano imetolewa hasa Uganda na Kenya.

1. Utangulizi

Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, aghalabu mkunga ndiye anayegundua kwanza. Daktari huamua kama upasuaji unahitajika. Mtaalamu wa maabara hupima kundi la damu na kuioanisha na ile itakayotolewa. Mfamasia, ambaye huenda hayupo wodini, ndiye anayepaswa kuwa amehakikisha kwamba oksitosini imehifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi ili isipoteze nguvu. Asidi ya traneksamiki nayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua. Katika muda huo mfupi, watu wanne waliofundishwa mbalimbali hutakiwa kutenda kama kitu kimoja. Yawezekana walisoma chuo kimoja, katika majengo yanayotazamana, bila kujadili mgonjwa mmoja pamoja hata siku moja.

2. Dhana na historia yake

Elimu ya pamoja baina ya kada ni ile ambayo wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi hujifunza pamoja, hujifunza kutoka kwa wenzao na hujifunza kuhusu wenzao. Kujaza ukumbi mmoja wanafunzi wa kada tano ili wasikilize mhadhara wa anatomia hakutoshelezi maana hiyo. WHO ililizungumzia suala hili katika ripoti ya mwaka 1988, kisha ikatoa mwongozo wa utekelezaji mwaka 2010.

Katika kanda yetu mbegu zipo. Skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, ilijengwa tangu mwanzo juu ya mafunzo yanayofanyika katika jamii, na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kiliingiza mfumo kama huo mwaka 2003. Hata hivyo, utengano wa kada umejitokeza hata katika ufadhili: mpango wa Marekani wa kuimarisha elimu ya madaktari barani Afrika, MEPI, ulianza mwaka 2010, nao wa wauguzi na wakunga, NEPI, ukaendeshwa kando. Ni mwaka 2016, jijini Nairobi, ndipo wadau wa mipango hiyo miwili walipoungana katika jumuiya moja ya elimu ya afya, AFREhealth.

3. Kinachowatenganisha wahadhiri

Si sahihi kudhani kwamba wahadhiri hawashirikiani kwa kukosa nia. Vikwazo vingi ni vya kimuundo. Kwanza, ratiba hupangwa na kila idara peke yake. Pili, kila kada ina baraza lake la usajili: nchini Uganda, madaktari, wauguzi na wakunga, na kada shirikishi za afya wanasimamiwa kwa sheria tatu tofauti, zote za mwaka 1996. Tatu, saa za kufundisha pamoja na idara nyingine mara nyingi hazihesabiwi mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo.

Kipo pia kikwazo cha lugha na hadhi. Anayeitwa “mgonjwa” na daktari huweza kuitwa “mteja” na muuguzi, na kila neno lina mtazamo wake kuhusu nani anaamua. Aidha, kikao kinachoongozwa na daktari kila mara hugeuka mzunguko wa wodi: mmoja anauliza, wengine wanajibu.

4. Kisa kimoja, meza moja

Njia inayopendekezwa hapa ni nyepesi na haihitaji fedha nyingi. Wahadhiri wanne au watano wachague kisa kimoja, mathalani cha mama aliyetajwa hapo juu. Kila mmoja alete kile ambacho wanafunzi wake hufundishwa kuhusu kisa hicho: muhtasari, daftari la mafunzo kwa vitendo na maswali ya mtihani. Nyaraka hizo ziwekwe bega kwa bega.

Hapo mapengo hujitokeza yenyewe. Nani anafundishwa kuita msaada, na kwa maneno gani? Je, mwanafunzi wa udaktari anajua damu huchukua muda gani kutoka maabara? Je, mwanafunzi wa famasia amewahi kuliona jokofu la wodi ya wazazi? Maswali haya hayamwaibishi yeyote, kwa kuwa hakuna idara inayoweza kuyajibu yote peke yake. Kutokana nayo wahadhiri huandaa zoezi moja la pamoja, hulifundisha wawili wawili na kulisahihisha kwa kigezo kimoja. Uenyekiti uzunguke, ili mkunga na mtaalamu wa maabara nao waongoze.

5. Mapendekezo ya kisera

Menejimenti za vyuo zitenge kipindi kimoja cha wiki kisichoguswa na ratiba ya idara yoyote. Kamati za upandishaji vyeo zitambue ufundishaji wa pamoja kama kazi kamili. Mabaraza ya kada yakubaliane juu ya umahiri michache ya pamoja ambayo kila mhitimu atapimwa. Vituo vya mafunzo ya jamii viwapokee wanafunzi wakiwa makundi mseto yenye wasimamizi wa kada zaidi ya moja.

6. Hitimisho

Umoja ni nguvu, lakini hauji kwa waraka. Wahadhiri waliowahi kusahihisha pamoja karatasi moja wana sababu ya kupigiana simu kesho yake; waliokutana kwenye warsha tu hubaki na vitambulisho vya shingoni. Mama aliye wodini hatauliza nani alisomea wapi. Atahitaji wanne hao wawe wamekwisha kufahamiana kabla ya saa yake kufika.