Windows 10 imeachwa: mwenye kompyuta Nambilanje afanyeje?

TAREHE 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitunza Windows 10, programu endeshi iliyotolewa Julai 2015. Kwa watu wa Ruangwa na Nachingwea tarehe hiyo iliangukia pabaya. Oktoba ndiyo mwezi ambao korosho huanza kuingia maghalani na minada kufunguliwa, na mwenye kompyuta nyumbani huitegemea wakati huo kuliko mwingine wowote.

Siku hizi kompyuta ya nyumbani si anasa hata katika kata kama Nambilanje. Mwenye duka la pembejeo anaandikia humo madeni ya salfa na mbegu. Mwenye steshenari ndogo anapigia chapa barua na kudurufu vitambulisho. Mkulima wa ekari kadhaa za mikorosho na ufuta anaweka humo kilo alizopeleka chama cha msingi, makato na malipo yaliyoingia benki. Nyingi ya mashine hizo ni mitumba iliyotoka Dar es Salaam, na zimekuja na Windows 10 au hata Windows 7. Swali la kubadili au kutobadili, basi, ni swali la fedha kama lile la kununua pampu mpya au kukarabati ya zamani.

Kwanza tuelewane nini kimekwisha. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika tarehe ile. Inawaka, inachapa na kupiga hesabu kama jana. Kilichokwisha ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya bure yaliyokuwa yakiziba matundu ambayo wezi na virusi huyapitia. Tundu jipya likigunduliwa leo, kwa mashine isiyo na ulinzi wa nyongeza halizibwi.

Hatari hiyo si ya kutungwa. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, na hospitali za serikali ya Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7 ambayo hawakuiwekea kiraka. Sasa fikiria daftari lako la madeni ya msimu mzima limefungwa namna hiyo, na mdaiwa anakuuliza ushahidi uko wapi.

Hata hivyo hatari haiko sawa kwa kila mtu. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti kabisa, inayotumika kwa hesabu na kuchapa tu, inaweza kuendelea miaka mingi. Adui yake mkubwa ni flashi za wateja, na huyo alikuwepo hata Windows 10 ilipokuwa inatunzwa. Kompyuta ambayo mwenyewe anaitumia kuingia benki, barua pepe au mifumo ya serikali ni jambo jingine. Hiyo isiachwe bila ulinzi.

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021. Kwa mwenye Windows 10 halali, kuhama ni bure. Tatizo ni mashine yenyewe. Windows 11 inataka kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Mitumba mingi ni ya kabla ya hapo. Na hata inayokubaliwa, GB 4 ni kama kupakia magunia ya korosho kwenye baiskeli: utafika, lakini kwa jasho.

Kabla ya kumlipa fundi, jipimie mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, utaona toleo ulilonalo. Rudia, andika tpm.msc, utaona kama chipu ya usalama ipo na ni ya 2.0. Ikisema haipo, usikate tamaa mara moja, kwa kuwa mara nyingine ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, na fundi anaweza kuiwasha kwa dakika chache.

Wapo mafundi wanaojua kuisukuma Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa. Inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuipa mashine hiyo viraka, na viraka ndiyo sababu ya kuhama. Vibaya zaidi ni nakala za wizi zinazofunguliwa kwa vijiprogramu vya kuvunja leseni. Vijiprogramu hivyo mara nyingi ndivyo vinavyobeba virusi, na hukutaka kwanza uzime programu ya kuzuia virusi. Anayekuambia umfukuze mlinzi ndipo akufungie kufuli, mwogope.

Njia ya pili ni kununua muda. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza mpango wa viraka vya nyongeza kwa kompyuta za nyumbani, uliopangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Masharti yalikuwa kuwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 30, au bure kwa anayekubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye ghala la Microsoft la mtandaoni. Kwa mwenye mashine nzima isiyokubali Windows 11, hii ilikuwa nafuu kuliko kukimbilia dukani.

Njia ya tatu ni kuiacha Windows na kuweka Linux, kwa mfano Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na baadhi ya matoleo yake hukaa vizuri kwenye mashine kongwe. LibreOffice inafungua majedwali ya Excel. Wala jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ila mwenye steshenari ajaribu kwanza printa na skana yake, kwani baadhi hazielewani na Linux. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Chapa ukurasa mmoja kabla ya kuamua.

Njia ya nne ni mashine nyingine. Hapa tupige hesabu, kwa bei za mfano tu. Tuseme mtumba unaokubali Windows 11 ni Sh 600,000 na utadumu miaka minne. Hiyo ni Sh 150,000 kwa mwaka. Ufuta ukiuzwa Sh 3,000 kwa kilo, unalipa kilo 50 kila mwaka. Tuseme badala yake unaiongezea mashine ya sasa RAM na diski ya SSD kwa Sh 120,000, unaiwekea Linux, ikakufikisha miaka miwili. Hiyo ni Sh 60,000 kwa mwaka, kilo 20. Tofauti ya kilo 30 ndiyo ujiulize: kompyuta mpya itakuingizia au kukuokolea kiasi hicho? Mwenye steshenari mwenye wateja kila siku huenda akajibu ndiyo. Mwenye hesabu za shamba peke yake, sidhani. Nachingwea wanaujua mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951: matrekta yaliletwa kwanza, udongo na mvua vikachunguzwa baadaye.

Ukiamua kubadili, chagua wakati. Usifanye hivyo kati ya Oktoba na Desemba. Februari hadi Aprili, hesabu za korosho zikiwa zimefungwa na ufuta bado uko shambani, ndiyo nafasi. Ubaya wake ni kwamba ni miezi ya mvua na radi, na umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inaweza isiwake tena. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa. Ya mezani ipelekwe mjini Ruangwa au Nachingwea kwa fundi mwenye umeme wa akiba. Windows 11 ni zaidi ya GB 5 kupakua, kwa hiyo fundi mwenye nakala halisi kwenye flashi atakuokolea kifurushi.

Na kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu au chamani. Zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Orodha ya madeni ichape kwenye karatasi.