Uvimbe wa Titi: Sindano Kabla ya Kisu

Mwanamke wa Kiranjeranje akipapasa titi akakuta uvimbe, aghalabu humwambia mama yake au somo yake, na jawabu huwa: "Ngoja kwanza tuone." Ufuta huvunwa, korosho huuzwa, mwaka hupita. Umbali si sababu pekee. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, basi la Dar es Salaam halingoji tena pantoni la Rufiji. Kinachowazuia wengi, kwa maoni yetu, ni dhana kwamba kupimwa uvimbe ni kukatwa titi.

Sivyo. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini mkono hauwezi kupambanua. Unapotiliwa shaka, hapana budi kuchukua kinyama kidogo kikatazamwe kwa hadubini, na mara nyingi kinyama hicho huchukuliwa kwa sindano. Mgonjwa hulala akiwa macho. Ngozi husafishwa na kutiwa ganzi. Hapo ndipo penye uchungu, nao ni wa muda mfupi. Kisha hutobolewa kijitundu cha milimita chache, sindano nene ikaingizwa, pengine ikiongozwa na picha ya altrasaundi. Kila inaponyofoa kinyama, chembamba mfano wa uzi, hulia "ta!" Asishtuke. Hurudiwa mara kadhaa, kisha jeraha hukandamizwa na kufungwa bandeji, naye hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Kuvilia damu kidogo ni kawaida. Homa, usaha au damu isiyokatika si kawaida. Arudi hospitali upesi.

Ipo pia sindano nyembamba inayofyonza chembechembe tu. Ile nene hueleza zaidi, hata aina ya saratani na dawa itakayoifaa.

Kabla ya kuchomwa, amweleze daktari iwapo anatumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, au ana mimba, au ananyonyesha.

Barazani husemwa kwamba sindano "huiamsha" saratani. Maneno hayo yamewachelewesha dada zetu wengi, na madaktari hawayakubali.

Kuhusu sitara, ni haki yake kuomba mhudumu mwanamke. Akikosekana, sheria yetu haimfungii mlango mwenye dharura: hufunuliwa panapohitajika tu, mume, maharimu au mwanamke mwenzake akiwapo. Enyi waume, kumsindikiza mke na kumlipia nauli ni katika wajibu wenu.

Liko jambo moja tunalolisisitiza. Akiambiwa uvimbe utolewe moja kwa moja, aulize kwa adabu: je, hauwezi kupimwa kwa sindano kwanza? Na kitakachotolewa kitapelekwa maabara ipi? Uvimbe uliokwisha kutupwa haupimiki tena, na mgonjwa hubaki na kovu bila jawabu.

Aanzie zahanati au kituo cha afya, aombe rufaa ya Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au ya Sokoine, Lindi. Huko ataelekezwa kipimo kinakofanyika, pengine Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Asiondoke bila kuambiwa siku ya majibu, kwani huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Aache namba ya simu ya mtu anayepatikana, na karatasi ya majibu aitunze mwenyewe. Kila daktari atakayemwona baadaye ataiulizia.