Mtunza Maktaba na Mwalimu wa Darasa

Katika shule nyingi za Kenya, za mashambani na hata za mjini, kuna kabati moja ambalo ufunguo wake hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Ndani yake mna vitabu, tena pengine vizuri sana; lakini mwalimu aliye darasani, mwendo wa hatua thelathini tu, hana habari navyo. Hufundisha mambo ya mmomonyoko wa udongo kwa chaki na maneno matupu, na huku kijitabu chenye picha za makorongo na matuta kimelala gizani kikingoja mchwa.

Jambo hili si geni duniani. Zamani katika nchi za Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, na katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo yaonekana mpaka leo. Wakati huo sababu ilikuwapo, kwa maana kitabu kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa mali kubwa. Lakini mwaka 1931 Bwana S. R. Ranganathan wa Madras, katika Bara Hindi, alitoa kitabu cha kanuni tano za kazi ya maktaba, na kanuni ya kwanza kabisa yahusu matumizi ya vitabu, wala si ulinzi wake. Yafaa kukumbuka kwamba bwana huyu alikuwa akifundisha hesabu kabla ya kukabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Alikuwa mwalimu kwanza, mtunza vitabu baadaye.

Hapa Afrika ya Mashariki kazi ya kuwapelekea watu vitabu ilipata nguvu mwaka 1948, ilipoanzishwa East African Literature Bureau chini ya Bwana Charles Richards, makao yake Nairobi. Pamoja na kutoa vitabu, ofisi hiyo ilituma makasha ya vitabu vya kuazimwa, na wasomaji waliokaa mbali walipelekewa kwa posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya maktaba ya taifa. Mwaka 1996 bodi hiyo ilianza kutumia ngamia watatu huko Garissa, kwa ajili ya watu na shule ambazo gari halifiki kwa urahisi. Makasha ya vitabu yakafungwa mgongoni mwa ngamia pamoja na hema la kusomea.

Lakini kasha kufika shuleni ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kutoka kasha mpaka darasani, na hiyo haina ngamia. Yamtegemea mtunza maktaba peke yake. Naye katika shule za msingi mara nyingi si mtu wa kazi hiyo hasa, bali ni mwalimu mwenye vipindi vyake na madaftari yake ya kusahihisha, aliyeongezewa ufunguo.

Mtunza maktaba aliye hodari haanzi na vitabu. Huanza na maazimio ya kazi. Katika juma la kwanza la muhula huwaomba walimu wenzake wamwonyeshe watakayofundisha, naye huyaandika katika daftari moja, juma kwa juma. Akiona kwamba darasa la sita litasoma habari za udongo katika juma la tano, basi katika juma la tatu huanza kukusanya. Kama rafu zake zimepangwa kwa namba za Bwana Melvil Dewey wa Marekani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, hutazama 630, ndiyo kilimo, na tena 550, ndiyo elimu ya dunia na miamba yake. Mwalimu asiyejua namba hizo angetazama mahali pamoja tu na kwenda zake.

Tena hampi mwalimu kitabu kizima na kumwacha apapase. Humwandikia kipande cha karatasi: kitabu fulani, ukurasa wa 41 mpaka 44, picha ya matuta, kitabu fulani, ukurasa wa 12, jedwali la mvua. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini mwalimu mwenye wanafunzi sitini hana saa mbili za kupekua. Akipewa ukurasa, atautumia. Akipewa rundo, atalirudisha kama lilivyo.

Wala vitu vya kufundishia si vitabu pekee. Gazeti lililokwisha kusomwa lina picha za mafuriko, za bandari, za mnada wa ng'ombe. Zikikatwa na kubandikwa juu ya kipande cha katoni zadumu miaka. Ofisi ya kilimo huweza kutoa vijitabu na mabango, mtu akienda kuomba. Ramani ya eneo la shule yenyewe, ile ambayo sentimita mbili ni sawa na kilomita moja, huwafundisha watoto zaidi ya ramani ya dunia nzima, kwa sababu juu yake mtoto huuona mto anakoteka maji. Wakulima wanaosoma habari hizi wanaweza kusaidia hapo: chupa ya mbegu au suke lenye ugonjwa ni somo kamili, na halina gharama.

Sasa yabaki lile linalowafanya wengi wafunge kabati, nalo ni hofu. Vitabu huandikwa katika orodha ya mali ya shule. Mkaguzi akija akakuta pengo, anayeulizwa ni mwenye ufunguo. Kwa hiyo mtu mwangalifu huona heri vitabu vikae. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, na hata hivyo vimewahi kukutwa stoo vingali katika maboksi. Kompyuta ndogo walizopelekewa watoto tangu mwaka 2016 zimefungiwa vivyo hivyo katika shule nyingine. Hofu hii si ya kuchekwa, maana mshahara wa mwalimu si mkubwa. Lakini ni lazima ipimwe. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto mia kimelipa bei yake. Kilicholiwa na mchwa kimepotea vilevile, nacho hakikumfaa mtu.

Dawa yake iko mikononi mwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule. Wakikubaliana kwa maandishi kwamba vitabu kadhaa vitachakaa kila mwaka kwa kutumiwa, na kwamba hasara hiyo ni ya shule wala si ya mtunza maktaba, mkono wake utalegea. Kisha daftari la kuazima liwe jepesi: tarehe, jina la mwalimu, darasa, idadi ya vitabu katika kasha, siku ya kurudisha. Majuma mawili yatosha kwa somo moja. Siku ya kurudisha, vitabu vihesabiwe mbele ya mwalimu na kiranja wa darasa, kabla kasha halijapelekwa darasa jingine.