Trekta ndogo ya kwanza: Tazameni kinga kabla ya bei

Ndugu wafanyakazi, wako wenzetu waliochanga akiba na sasa wanataka trekta ndogo kwa shamba lenye miti. Muuzaji atawatajia nguvu za farasi. Ninyi anzeni na uhai wa dereva.

Shamba la miti lina visiki, mashimo na miteremko. Trekta nyembamba hupita vizuri kati ya miti, lakini hupinduka upesi. Basi itakeni yenye fremu ya chuma ya kumkinga dereva, pamoja na mkanda wa kiti. Kimoja bila kingine hakitoshi. Sweden ilianza kulazimisha fremu hiyo kwa matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana.

Pili, magurudumu yote manne yawe ya kuvuta. Tatu, shafti ya nyuma, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, iwe na kifuniko, maana hukamata nguo na kumvuta mtu.

Gogo lifungwe chini, kwenye ndoano ya kuvutia. Likifungwa juu ya ekseli, pua ya trekta hunyanyuka na kumwangukia dereva.

Fedha zikipungua, punguzeni ukubwa wa injini. Kinga msiiguse.