Akwariamu mpya: Usikimbilie kununua samaki mla mwani

MAHOKO, Rubavu

Anayeweka akwariamu sebuleni au dukani, awe Mahoko, Goma au Bujumbura, hukutana na jambo lile lile baada ya wiki chache: kioo hupata utando wa kahawia, kisha utelezi wa kijani. Huo ni mwani. Muuzaji atakwambia dawa yake ni samaki anayeula. Samaki hao wapo, lakini ukikosea kuchagua utapoteza fedha na samaki pia.

Kwanza ni subira. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kuondoa sumu ya amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Samaki mla mwani akiingizwa mapema atakufa kwa sumu, au kwa njaa, kwa kuwa mwani bado ni haba. Utando wa kahawia wa mwanzo kwa kawaida hupungua wenyewe. Usiwashe taa zaidi ya saa 8 kwa siku, usiweke tangi juani, na lisha kidogo, maana chakula kinachobaki ni mbolea ya mwani.

Aina zipi?

Pleko wa kawaida wa Amerika Kusini ndiye anayewaponza wengi. Huuzwa akiwa na sentimita 5 hivi, lakini akikomaa anaweza kupita sentimita 40. Tangi la nyumbani halimtoshi.

Ndugu yake mdogo, Ancistrus, huishia sentimita 15 au chini ya hapo. Tangi la lita 100 lenye kipande cha mti humfaa, naye huhitaji pia mboga kama tango.

Otocinclus hufika sentimita 4 tu na hupenda kuishi kundi la sita au zaidi. Ni mpole lakini dhaifu. Mnunue tangi likishakomaa kwa miezi kadhaa.

Kanda yetu nayo ina wake. Tropheus wa Ziwa Tanganyika hukwangua mwani kwenye miamba, na samaki wa ziwa hilo wamesafirishwa kwa miaka mingi kutoka Bujumbura hadi Ulaya. Ni wazuri wa rangi lakini wagomvi: huhitaji kundi kubwa, tangi kubwa na maji magumu yenye pH ya juu. Si samaki wa anayeanza.

Kumbuka pia baridi ya milima yetu. Wengi wa samaki hawa wanataka nyuzi joto 24 hadi 26, hivyo utahitaji hita, na mpango wa umeme ukikatika.

Mpakani

Anayefikiria kuwauza ajue kwamba samaki hai ni mnyama: uliza kibali cha kuingiza na cheti cha afya kabla hujalipia mzigo, si ukiwa umeshafika kizuizini. Cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni cha bidhaa za nchi wanachama. Pleko aliyetoka Amerika Kusini hawi wa Afrika Mashariki kwa sababu tu amepitia Kampala.

Usimtupe mtoni

Samaki akikuzidi ukubwa, mrudishe kwa muuzaji au mpe mwenye tangi kubwa. Usimwachie kwenye Sebeya, kwani mto huo unamwaga maji Ziwa Kivu.

Kivu linajua maana ya mgeni. Sambaza tunaowauza kila siku waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wametulisha na kutupa biashara, lakini baada ya kuingia kwao Daphnia, kijidudu kilichokuwa kikila mwani ziwani humo, kilitoweka. Sambaza walipandwa kwa mpango, na hata hivyo yakatokea yasiyotarajiwa. Pleko wa kutupwa usiku hana mpango wowote, na atakayelipa hasara ni mvuvi na mchuuzi wa samaki.