Likembe ya Kinshasa yafundisha ubunifu wa vifaa vya umeme jukwaani

MSANII anayepiga marimba ya vidole gumba katika uwanja wa wazi kijijini Munisagara, wilayani Kilosa, husikika vyema kwa walio mbele. Walio nyuma huambulia kelele za watoto.

Tatizo kama hilo lilitatuliwa Kinshasa, na si katika maabara. Marehemu Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1, aliitia umeme likembe, ambayo ni ndugu wa marimba hiyo, kwa vinasa sauti vya kujitengenezea vyenye sumaku za vipuri vya magari chakavu.

Kanuni yake ni nyepesi. Chuma kikitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Kikuza sauti huukuza na spika huugeuza kuwa sauti. Sauti hiyo ilikuwa na mkwaruzo. Kundi liliuacha ukawa sehemu ya muziki, na albamu yao ya Congotronics, ya mwaka 2004, iliwapatia jina Ulaya.

Leo ipo njia rahisi zaidi. Kisahani chembamba, cha aina inayolia ndani ya saa za mezani, hutoa umeme kinapogongwa. Kikibandikwa kwenye ngoma au mkuki wa mwigizaji na kuunganishwa na kompyuta ndogo kama Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, pigo moja laweza kuwasha taa au kuamsha mlio wa radi.

Hata hivyo, kinachofanya kazi mezani hukwama jukwaani. Mtikisiko wa spika hukiwasha kifaa bila kuguswa, jasho hupenya, na waya hukatika mchezaji anaporuka. Ndiyo maana kifaa hupangiwa kiwango cha pigo ili kipuuze mitikisiko midogo, na waya huachwa ulegee kidogo kwenye maungio.

Lililo zito zaidi ni betri kuisha katikati ya onyesho. Marimba ya umeme iliyozimika bado ni marimba. Fimbo ya plastiki isiyo na kazi bila betri humwacha mwigizaji akiduwaa mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Aidha, waya ulio wazi huweza kulehemiwa na fundi redio yeyote wa Kilosa mjini. Kifaa kilichozibwa kwa gundi kiwandani kitasubiri safari ya Dar es Salaam.