Maji ya bati lako yanalala chumbani kwa nani?

Msomaji wangu, leo naomba uniazime paa la nyumba yako. Usiwe na wasiwasi, siling'oi. Nataka tulipigie hesabu tu.

Chukua nyumba ya kawaida ya Sinza au Tabata, bati lake mita 10 kwa 8. Hizo ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Sasa ikipiga mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar es Salaam wala haishangazi, paa hilo moja linateremsha lita 4,000. Ni mapipa 20 yale ya lita 200! Nyumba 100 za namna hiyo ni mapipa 2,000, tena kwa mvua ya siku moja.

Haya, yanakwenda wapi? Mwulize mwenye nyumba, atakujibu bila kupepesa macho: "Si yanaenda barabarani?" Barabarani siyo jibu, bwana. Barabara haina tumbo. Inayapokea na kuyasukuma mtaroni, mtaro unayapeleka kijitoni, kijito kinayamwaga Mto Msimbazi. Na Msimbazi ukishiba, unapiga hodi kwenye vyumba vya watu wa Kigogo na Jangwani usiku wa manane.

Mto wenyewe tunaujua. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Vingunguti, unapokea maji ya mito midogo kama Ubungo na Sinza, halafu unashuka Jangwani na kuingia baharini pale Salenda. Kwa hiyo mtu wa Ubungo ambaye hajawahi kukanyaga Jangwani, maji yake yanakanyaga huko kila masika.

NANI ALAUMIWE?

Mafuriko yakitokea, wimbo mjini ni ule ule: "Watu wa mabondeni nao walifuata nini kule?" Ni kweli, hata Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Desemba 2011 tuliona kasheshe yake. Mvua ilipiga mpaka watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha na maelfu wakakosa pa kulala. Serikali ikawagawia baadhi yao viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na Januari 2016 ikaja bomoabomoa, nyumba zikachorwa alama ya X nyekundu, vilio kila kona.

Lakini jamani, tuwe wakweli. Ukimhamisha mtu wa bondeni, maji umeyahamisha? Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mambo ya daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya mjini. Ni jambo jema sana. Ila daraja linampitisha mtu juu ya maji, halipunguzi hata ndoo moja inayotoka kwenye bati lako.

Zamani uani palikuwa na mchanga, mwembe na ukoka. Mvua ikinyesha, ardhi ilikuwa inakunywa. Siku hizi kila mwenye vijisenti anamwaga zege uani kote, eti matope yanachafua gari. Mwembe umekatwa, majani yanaziba gata. Maji hayana pa kuzama, yanatoka mbio, na maji ya mbio yanachimba. Udongo yanaokwangua huko juu yanautua bondeni, mto unajaa mchanga, kina kinapungua. Mvua ya mwakani, hata ikiwa ndogo, mto unafurika.

WALIOAMUA KUFANYA KITU

Wapo ambao hawakukaa kusubiri. Mwaka 2015 ulianza mradi ulioitwa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi wenyewe. Walipita uchochoro kwa uchochoro wakichora nyumba, njia na mitaro, na wenyeji wakaulizwa maji hufika wapi mvua ikizidi. Unaweza kuona ni mchezo, lakini huwezi kuzibua mtaro usiojulikana ulipo. Mtaani bibi mwenye genge anajua mengi kuliko faili la ofisini.

Halafu kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulioanza kitaifa 2016, baada ya Rais John Magufuli kufuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 na kushika ufagio. Hapo nina neno. Watu wanazibua mtaro vizuri, jasho linawatoka, kisha lile tope na chupa za plastiki wanalirundika pale pale pembeni! Mvua ya kwanza tu, mzigo wote unarudi ndani. Kama hakuna mkokoteni wa kuondoa taka siku hiyo hiyo, mmefanya mazoezi ya viungo tu.

Na wale wanaosubiri mvua ndipo watapishe choo, nao wajitazame. Kipindupindu kilicholipuka Dar Agosti 2015 hakikuuliza nani wa bondeni na nani wa mlimani.

Wakazi wa Kibera kule Nairobi nao wana mto wao, Ngong. Kwa kushirikiana na taasisi ya Kounkuey Design Initiative, waligeuza baadhi ya majalala ya kando ya mto kuwa viwanja vya watu wote. Wameimarisha kingo, wametengeneza njia za maji na mahali pa watoto kucheza. Siri ni kwamba wakazi wenyewe wanashiriki kupanga na kutunza. Mahali penye wenyewe hapageuki jalala kirahisi.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, funga gata na tanki. Tanki la lita 2,000 linazuia nusu ya maji ya lile paa letu, na unafulia bure. Uwe umelitumia kabla ya mvua nyingine, maana tanki lililojaa halipokei kitu.

Pili, chimba shimo la kunyonya maji, lijaze mawe na kokoto, liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Sehemu zenye udongo wa kichanga linafaa sana. Bondeni kwenye mfinyanzi usijisumbue. Na maji yakisimama juu zaidi ya siku mbili, lifukue ulisafishe, vinginevyo unafuga mbu.

Tatu, acha sehemu ya ua bila zege. Panda ukoka, panda mti. Wenye kuishi kando ya vijito wapande matete na mianzi, mizizi yake inashika kingo.

Nne, mtaa wa juu na mtaa wa chini waitishe kikao kimoja. Kila mtaa unafanya usafi kivyake wakati maji ni yale yale. Wenyeviti wa mitaa, hilo mnaliweza bila kusubiri mfadhili.

Najua kuna atakayesema, "Nyumba yangu moja itasaidia nini?" Ndugu yangu, hakuna mvua inayonyesha juu ya Jangwani peke yake. Mafuriko yale ni mapipa 20 ya kwako, 20 ya jirani yako na 20 ya yule wa nyumba ya kona. Mvua ijayo ikianza, chungulia nje uone ya kwako yanaelekea wapi. Huko yanakoelekea kuna mama anapandisha godoro juu ya meza.